Afisa wa Joto Katika Chumba cha Kware

Kama mwenye bucha alikufungia nusu kilo ya nyama kwa gazeti la Jumamosi iliyopita kabla hujafika ukurasa huu, si kosa lako. Nitakurudisha njiani haraka, kisha tuendelee kuanguka pamoja.

Naitwa Sylvance Amolo. Nina miaka sabini na moja, nilistaafu kutoka reli, na nina nyumba yangu hapa mtaa wa Tena, Eastlands ya Nairobi. Nilipostaafu nilishika pesa za kujenga nyumba nyingine kule nyumbani Yala, ambako mimi na mke wangu Norah tungezeekea.

Sikujenga. Nilinunua kware.

Mnakumbuka ule mwaka wa kware. Yai moja lilikuwa linatibu presha, sukari, macho na ndoa. Nilizungushia baraza letu vioo kutoka chini hadi juu, nikaezeka plastiki inayopitisha mwanga, ili vifaranga wapate joto. Kufikia siku walipokomaa, kila nyumba Nairobi ilikuwa na kware na hakuna mtu aliyekuwa na njaa ya kware. Tuliwala wenyewe kwa miezi minne. Mpaka leo Norah hawezi kuangalia kitu kidogo chenye mifupa.

Kilichobaki ni chumba cha vioo. Februari ni tanuri. Julai ni friji. Na kwa kuwa nilibomoa ukuta wa sebule ili niwaone kware nikiwa nimeketi, baridi ya chumba kile ndiyo baridi ya nyumba nzima.

Norah sikumwambia pesa zilikokwenda. Nilimwambia nyumba ya Yala inajengwa.

Hapa ndipo naona aibu kidogo. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa Yala walioko Nairobi kulikuwa na fundi mmoja, Okumu, aliyekuwa akijitangazia kazi kwa picha za nyumba aliyokuwa akijenga. Msingi. Kuta. Linta za juu ya madirisha. Kila picha ilipoingia, nilimwonyesha Norah.

"Yetu hiyo," nilikuwa nikisema.

Sikujua ni ya nani. Nilidhani mwenyewe yuko Marekani, maana ujenzi haukuwahi kusimama.

Norah akasema angependa bati la rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyokolea, si kijani. Picha iliyofuata, bati lilikuwa damu ya mzee. Akasema angependa dirisha la jikoni litazame barabarani, aone nani anakuja. Picha iliyofuata, dirisha lile pale. Nikaanza kuamini kwamba Mungu huwasaidia hata waongo, mradi wasimsumbue na mengine.

Alipotaka kwenda kuiona, nilitunga mila. Mila yetu ya kweli, ya mwanamume kuanzisha boma lake, inataka jogoo, shoka na mtoto wa kwanza. Mimi nikaongeza kipengele: mke haruhusiwi kuiona nyumba mpaka mume aseme imekwisha.

"Sijawahi kusikia hiyo mila," Norah alisema, naye ni Mjaluo kama mimi.

"Ni ya ukoo wetu tu."

Akaendelea na safari zake za kwenda mazishi ya watu wa chama chake cha akina mama. Mwaka juzi pekee yalikuwa saba. Nilikihurumia sana kile chama kwa jinsi kilivyokuwa kinafiwa.

Basi wiki jana niliwaacha mahali hapa: Julai imeingia, magoti ya Norah yamevimba kwa baridi, naye amenipa siku.

"Baba Whitney," alisema, akiniita kwa jina la binti yetu kama anavyofanya akiwa hana mzaha, "Ijumaa initafute hapa kukiwa na joto, ama initafute kwenye basi. Yala joto ni la bure, na nyumba iko."

Nyumba haiko. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu yote. Nikikosa kuipasha joto nyumba ya Tena kabla ya Ijumaa, Norah angeshuka Yala na mizigo yake, aulize nyumba ya Amolo iko wapi, na kijiji kizima kimsaidie kutafuta.

Sasa tuendelee.

Serikali ilikuwa imeleta Mpango wa Joto kwa Wazee. Ukiwa umepita miaka sitini na mitano na nyumba ni yako, unapewa hita, unawekewa dari, na unatumiwa tokeni za stima Juni hadi Agosti. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Swali la tisa liliuliza: "Je, nyumba yako ina chumba cha vioo?"

Hakuna aliyejua swali hilo lilitoka wapi. Maina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisema fomu ilinakiliwa kutoka nchi yenye theluji na hakuna mtu aliyeisoma kabla ya kuipiga chapa. Lakini ukijibu ndiyo, ulikuwa unapanda juu ya orodha, kwa sababu chumba cha vioo hupoteza joto.

Mimi nilijibu ndiyo kwa herufi kubwa.

Wengine walilazimika kujenga. Wiki hiyo madirisha makuukuu yaliisha soko la Gikomba. Mzee mmoja wa nyuma yetu alizungushia vioo banda la kuku na kuweka kiti ndani. Maina alinunua madirisha ya basi lililovunjwa, akayapanga mbele ya mlango wake. Ukimtembelea ulikuwa unajisikia unasafiri.

Ilipangwa afisa aje kwetu Jumanne saa tano asubuhi. Kazi yake ilikuwa kupima. Chumba kikipita nyuzi kumi na sita, hamna msaada.

Sikuwa na wasiwasi. Wiki tatu jua lilikuwa halijaonekana Nairobi. Jumatatu mafuta ya kupikia yaliganda ndani ya chupa.

Jumanne saa nne na robo, jua likatoka.

Halikutoka kama jua la Julai. Lilitoka kama lililokuwa limelipiwa nauli na adui yangu. Saa nne na nusu chumba cha kware kilikuwa kinachoma. Norah alikokota kiti chake mpaka katikati, akavua sweta la kwanza, akavua la pili, akanyoosha miguu.

"Kumbe hapa ni pazuri," akasema.

"Ni pabaya."

"Magoti yananishukuru."

"Norah, usizoee."

Kichwa cha Maina kikatokea juu ya ukuta.

"Wee Amolo, unaoka mkate?"

"Afisa amefika kwako?"

"Ametoka sasa hivi. Amenikataa."

"Kwa nini?"

"Kuna kibandiko nilisahau kutoa kwenye kioo. Kimeandikwa 'Vunja wakati wa dharura.' Ameniuliza dharura gani. Nikamwambia baridi." Maina alisugua pua. "Hajacheka hata kidogo. Yuko nyumba ya kona, atakuwa kwako nusu saa ijayo. Na hapo ndani mwako unaweza kuanika omena."

Omena, dagaa wetu wa ziwani, ndiyo iliyonipa akili. Nilimpigia simu Adongo, anayeuza samaki soko la Jericho.

"Adongo, una barafu?"

"Ya samaki?"

"Ya serikali. Magunia mawili. Weka kwa bodaboda, haraka."

Barafu ilifika ikitoa moshi. Nikaisukuma chini ya makochi, nikashusha vitambaa vya kufuma mpaka sakafuni. Gunia la pili nililiweka chini ya meza, nikatandika leso mezani ikaning'inia mpaka sakafuni.

Norah alinitazama bila kuinuka.

"Baba Whitney, unafanya nini?"

"Naionyesha serikali ukweli wa wiki iliyopita."

"Na magoti yangu?"

"Yavumilie. Ni kwa ajili yake."

Akavaa sweta la pili. Akavaa la kwanza. Na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ameridhika.

Afisa alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Jacky, amevaa koti zito kama mtu aliyetumwa na hali ya hewa ya jana. Akaweka kipimajoto chake mezani juu ya leso, na chini yake gunia nisilolitaja. Tukakitazama wote watatu kama maiti ya mtu tusiyemjua.

"Nyuzi tisa," Jacky akasema. Akakitikisa. "Mzee, nje ni ishirini na nne."

"Ndiyo maana tunaomba msaada, madam."

"Inawezekanaje ndani kuwe na baridi kuliko nje?"

"Vioo. Hata fomu yenu inajua. Swali la tisa."

Akaandika. Mtu akikuandikia jibu lako bila kulibishia, unaanza kupenda nchi yako. Kisha akainua mguu mmoja.

"Mzee, kuna maji hapa."

"Umande."

"Sakafuni?"

"Huanzia kwenye kioo, halafu unashuka. Asubuhi nyingine tunapanguza na ndoo."

Jacky akavuta hewa puani. "Umande huu unanuka samaki."

"Sisi ni watu wa ziwa, madam."

Norah alikohoa kwenye kiganja. Nilimpenda kwa kikohozi kile. Kilikuja mahali pake, kama cha mgonjwa wa kweli.

"Pole, mama," Jacky akasema, na sauti yake ikalainika. "Mko juu kabisa ya orodha. Hita ningeweza kuagiza leo, ikafika Alhamisi."

Alhamisi! Siku moja kabla ya Ijumaa. Nilianza kumwona Norah akiwa ameketi mbele ya hita mpaka Agosti, kisha mpaka Agosti nyingine, na Yala ikibaki picha kwenye simu mpaka mmoja wetu asafirishwe huko akiwa hana la kuuliza.

"Imebaki kiapo tu," Jacky akasema.

Akatoa karatasi ya manjano. Niliisoma upesi, na barafu ikanipanda kutoka chini ya kochi mpaka shingoni. Ilisema: *Sisi, mume na mke, tunaapa kwamba hatuna nyumba nyingine mahali popote.* Mahali pa sahihi palikuwa pawili.

Hebu fikiria. Nikisema tuna nyumba nyingine, hita inaenda kwa mzee wa banda la kuku, na Ijumaa Norah anapanda basi. Nikisema hatuna, nitakuwa nimesema kweli kwa mara ya kwanza tangu kware, mbele ya mke wangu, na kwa maandishi.

"Madam," nikanong'ona, "hiyo si ninaweza kuitia sahihi ofisini kwenu?"

"Hapana, mzee. Lazima nishuhudie. Na mama pia."

"Mama macho yake si mazuri."

"Macho yangu ni mazuri," Norah akasema kutoka kwenye kiti chake. "Soma kwa sauti, mwanangu."

Jacky akasoma kwa sauti. Alisoma vizuri, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la kifo redioni.

Maji yalidondoka mahali fulani. Kichwa cha Maina kilikuwa kimerudi juu ya ukuta, na safari hii alikuwa amebeba kikombe cha chai.

"Baba Whitney," Norah akasema taratibu, "mwonyeshe mgeni picha ya nyumba yetu ya Yala."

"Mna nyumba Yala?" Jacky akauliza, kalamu ikasimama.

Nimeshawahi kudanganya mkaguzi wa reli, askari wa kanjo wa jiji, na padri, huyo wa mwisho akiwa amenishika mkono. Siku hiyo ulimi wangu ulitafuta uongo ukakuta mahali ni patupu. Labda ilikuwa baridi. Labda ni yale magoti, niliyokuwa nimeyarudisha kwenye barafu ili niyaokoe.

"Norah," nikasema. "Hakuna nyumba."

"Hakuna nini?"

"Nyumba. Yala. Haijawahi kuwako hata tofali moja. Pesa ziliishia kwa kware. Zile picha nilizitoa kwa fundi mmoja kwenye WhatsApp. Mila ile niliitunga mwenyewe nikiwa naoga."

Nilingoja. Nilitarajia kelele, machozi, au kikombe. Kwa umri wangu nilikuwa nimeshaamua kikombe nitakikwepea upande gani.

Norah alimgeukia Jacky.

"Andika," akasema. "Mzee huyu hana nyumba nyingine. Hiyo ni kweli tupu, na mimi ni shahidi."

Nikatia sahihi. Nilidhani nimesamehewa. Naapa kwa reli yote, nilidhani mke wangu ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote walioko Eastlands, na bado nadhani hivyo, ingawa kwa sababu nyingine.

Jacky akamsogezea Norah kalamu. "Na wewe hapa, mama."

Norah akaichukua. Akaiangalia. Akairudisha mezani, juu ya leso.

"Mimi siwezi," akasema. "Mimi nina nyumba."

"Ya wapi?" tuliuliza pamoja, mimi na Jacky. Nadhani hata Maina aliuliza.

Norah alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa sweta, akampa Jacky. Nikainama kuchungulia. Ilikuwa picha. Bati la rangi ya damu ya mzee. Dirisha la jikoni linatazama barabarani. Na mlangoni, mikono kiunoni, amesimama Norah, amejifunga leso niliyomnunulia Krismasi. Kando yake fundi Okumu anatabasamu na mwiko mkononi.

"Tulinunua ploti na chama," Norah akamwambia Jacky, kama mimi nimetoka nje kidogo. "Kila mmoja na kipande chake, karibu na soko la Yala. Okumu ndiye aliyetujengea wote. Yangu alianza nayo."

"Yale mazishi," nikasema.

"Msingi. Kuta. Linta. Dari ilikuwa mazishi mawili."

"Ulijua tangu lini?"

"Baba Whitney, wale ndege nilikuwa nawalisha mimi. Unadhani mtu anakula kware miezi minne halafu anaamini kuna mtu anajenga?"

"Na picha? Miaka yote nakuonyesha..."

"Ulikuwa unanionyesha nyumba yangu." Alisema bila hasira, na hapo ndipo niliogopa. "Siku ya kwanza nilitaka kukutupia simu. Halafu nikasema bati liwe damu ya mzee, ukasema sawa. Nikasema dirisha la jikoni, ukasema sawa. Nikampigia Okumu akafanya. Miaka arobaini na tatu nimeolewa, sikuwahi kusema kitu kikafanyika namna hiyo. Nikaona niache uendelee."

Juu ya ukuta, Maina alimwaga chai.

Jacky alifunga jalada lake polepole. Akasema kwamba yeye binafsi anasikitika, lakini karatasi inasema mume na mke, na mke ana nyumba, kwa hivyo hita haiji Alhamisi wala siku nyingine. Akainama akachukua kipimajoto. Leso ikaja nacho. Gunia likabaki wazi chini ya meza, kando ya mguu wake, na juu ya barafu, macho yametoka, samaki mmoja mdogo ambaye Adongo alimsahau.

Jacky alimtazama samaki. Samaki alimtazama Jacky.

"Umande," akasema Jacky.

Akaenda zake.

Nikabaki na mke wangu katika chumba cha kware. Nimenyimwa joto kwa sababu ya nyumba ileile niliyodanganya kwamba ipo. Jua bado lilikuwa linachoma vioo, barafu inayeyuka, na maji yamefika kwenye zulia.

"Norah," nikasema, "sasa Ijumaa?"

"Ijumaa nasafiri. Nilikwambia, ikifika bila joto niko kwenye basi. Ningekaa, unajua. Asubuhi hii nilikuwa nimeketi hapa juani nawaza labda nikae." Akatazama chini ya kochi. "Halafu ukaleta barafu."

Nililimeza hilo. Halikwenda chini haraka.

"Basi twende wote," nikasema. "Nitaomba radhi njia nzima. Ni mwendo wa saa nane mpaka Yala, zinatosha kuanza."

Norah aliinuka, akajishika magoti, akachukua Biblia yake juu ya kabati.

"Haiwezekani hivyo tu. Kuna mila."

"Mila gani?"

"Mume haruhusiwi kuiona nyumba mpaka mke aseme."

"Sijawahi kusikia hiyo mila!"

"Ni ya ukoo wetu tu," Norah akasema, akaelekea chumbani kupanga nguo.

Alipokuwa anapita mlangoni, niliona tiketi ya basi imechungulia kati ya kurasa za Biblia. Niliona pembe moja, ya manjano. Nyuma yake palikuwa na kitu kingine, labda tiketi ya pili, yangu, labda bahasha ya sadaka.

Nikaanza kumfuata niangalie vizuri. Mlango ukafungwa, na nikasikia ufunguo ukizungushwa kutoka ndani.